Herufi Zilezile, Mkazo Umehama

Kitura,
Mbinga,
Ruvuma.
16 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Margareta,

Marahaba. Najua umekwisha kuniamkia kabla hujaanza kusoma, kwa maana ndivyo marehemu mdogo wangu Cleopa, baba yako, alivyokulea. Ndiyo maana naitikia mapema.

Naomba radhi kwa kimya changu kirefu. Barua yako ya kabla ya Noeli ilinifikia salama, pamoja na picha ya watoto wakiwa wamesimama katika theluji hadi magotini. Tangu hapo nimeanza kukujibu mara nyingi. Kila nilipofika kwenye maneno "sisi huku hatujambo" niliiweka kalamu chini, kwa sababu sentensi hiyo ilikuwa sahihi kisarufi lakini haikuwa kweli. Leo naandika bila kuipitia njia hiyo.

Hujambo wewe? Mume wako Steven hajambo? Ule mgongo uliosema unakuuma baada ya zamu ndefu za wodini umepata nafuu? Usiuchukulie kwa mzaha. Bibi yako alianza hivyohivyo, akawa anainama kuchuma kahawa na hainuki mpaka avutwe mkono. Natumaini pia kwamba watoto bado wanasema Kiswahili nyumbani. Wakikujibu kwa Kifini, usiwajibu mpaka wamerudia.

Huku kipupwe kimekwisha kuingia. Ukungu unalala juu ya ngolo za mahindi, mashimo na matuta yake yote, mpaka jua limepanda, na vidole vyangu vinakuwa vigumu kushika kalamu. Kahawa imeiva vizuri upande wa juu. Mama yako mkubwa, Lidia, anachuma tangu asubuhi na kunigombeza tangu asubuhi, kwa hiyo afya yake ni njema. Mimi nina magoti yangu ya kawaida. Kinachonisumbua hakimo magotini.

Pengine unajiuliza kwa nini nisipige simu. Simu katika nyumba hii husikilizwa na watu wote, tena kwa spika. Kuhusu zile jumbe fupi ambazo watu huandika "xaxa" wakimaanisha "sasa", unaujua msimamo wangu. Zaidi ya hayo, Asteria yuko hapa nyumbani kwa msimu wa kahawa, na sipendi ayaone maswali yangu kwenye kioo cha simu kabla sijapata majibu. Barua hii nitaipeleka posta Mbinga mwenyewe.

Jambo lenyewe linamhusu Asteria, binti yangu na dada yako, pamoja na mwanawe Nathanieli.

Unakumbuka jinsi Asteria na Erasmo walivyokaa katika ndoa miaka mingi bila mtoto, na jinsi mirija yake ilivyoonekana kuwa imeziba. Unakumbuka pia kwamba walikwenda Dar es Salaam, mayai yake yakatolewa, yakaunganishwa na mbegu za Erasmo katika maabara, na baada ya siku chache kiinitete kimoja kikarudishwa tumboni. Wewe ulikuwa wa kwanza kuniambia kwamba njia hiyo ni ya kawaida huko uliko. Nathanieli alipozaliwa nilikuandikia kwamba tumepata mjukuu mkubwa wa mwili, na Lidia alipiga vigelegele mpaka wauguzi wakamwomba apumzike.

Sikukuandikia yaliyofuata. Ukubwa ule tulioushangilia ulikuwa dalili. Sukari katika damu yake ilishuka mara tu alipozaliwa. Kitovu kilikuwa kimevimba kwa ngiri. Ulimi wake ulikuwa mkubwa kuliko kinywa chake, ukawa unatoka nje hata akiwa amelala, na kunyonya kulimshinda. Sisi tulidhani ni uchovu wa kuzaliwa. Baadaye daktari wa watoto huko Dar es Salaam aliutaja ugonjwa huo kwa jina refu la madaktari wawili wa kigeni. Bila shaka wewe unalijua jina hilo. Mimi nimelikariri na silipendi.

Sasa ana miaka mitatu. Anatembea, anakimbia, anawafukuza kuku, na ni mrefu kuliko watoto wa rika lake wote hapa Kitura. Ulimi umeanza kupata nafasi kadiri taya linavyokua, na daktari ameshauri wasiupunguze kwa upasuaji kwanza. Lakini kila baada ya miezi mitatu lazima apelekwe Songea apigwe picha ya tumbo, kwa sababu watoto wa namna hii wanaweza kuota uvimbe katika ini au figo. Daktari anasema kwa aina aliyonayo Nathanieli hatari hiyo si kubwa. Erasmo ndiye humshika mtoto wakati wa kupigwa picha. Yeye ni fundi wa malori ya makaa ya mawe kule Ngaka, mtu asiyeogopa kitu chenye injini, lakini safari iliyopita aliniambia, "Baba, lori likigoma nalifungua. Mtoto nitamfungua wapi?"

Nilimwomba yule daktari anieleze kwa Kiswahili, naye alijitahidi. Alisema vinasaba vya Nathanieli havina kosa la herufi hata moja. Juu ya vinasaba kuna alama ndogo za kikemia zinazoamuru kipande kipi kisomwe na kipi kinyamaze. Katika siku za kwanza kabisa, mtoto anapokuwa chembe chache tu, alama nyingi hufutwa na kuandikwa upya, isipokuwa chache zilizotoka kwa baba na kwa mama, ambazo hutakiwa kubaki kama zilivyo. Kwa Nathanieli alama moja kutoka kwa mama haikubaki. Kwa hiyo kipande kinachopaswa kuuzuia mwili usikue kupita kiasi kimenyamaza. Na siku hizo za kwanza Nathanieli alizipitia ndani ya kisahani cha maabara.

Nilimwambia, "Mwanangu, unaniambia habari ya mkazo." Nikamwandikia neno "barabara". Ukikaza silabi ya BA iliyo kabla ya mwisho, ni njia ya magari. Ukikaza ile iliyotangulia, ni kusema sawasawa, bila kasoro. Herufi ni zilezile na hakuna iliyoongezwa wala kupunguzwa. Mkazo ndio umehama. Alicheka, akasema, "Mwalimu, mfano huo nitauiba." Nilifurahi kwa muda mfupi, kisha nikatambua kwamba nimeelewa ugonjwa na sijaupunguza hata kidogo.

Mkazo huohuo ulituletea ugomvi. Siku moja daktari alimpigia Erasmo simu akiwa nyumbani kwa mama yake, Bonifasia, kule Liuli ziwani, na simu ikawekwa spika. Daktari alisema, "Mtoto anaendelea vizuri, walakini alama ya upande wa mama haipo." Wewe nilikufundisha mwenyewe: ukikaza LA, "walakini" ni sawa na "lakini", ukikaza KI, ni kasoro. Bonifasia, kwa upepo wa ziwani na kelele za wanawake waliokuwa wakianika dagaa wa usipa, alisikia kwamba mtoto ana walakini, tena walakini ya upande wa mama. Na upande wa mama, kwa lugha ya watu wote wa Ruvuma, ni ukoo. Ni sisi akina Kinunda. Kabla ya Jumapili pwani yote ya Liuli ilijua kwamba ukoo wetu umeingiza kasoro katika nyumba ya watu.

Nilishuka Liuli mwenyewe, magoti na yote. Nilimkuta Bonifasia kwenye chanja akigeuza usipa kwa viganja. Nilimsalimu, nikamweleza tofauti ya mikazo miwili kwa utaratibu, nikaeleza pia kwamba daktari alisema alama iliyopotea na hakusema ukoo wenye kosa, na kwamba hakuna jambo ambalo Asteria alilifanya au aliliacha. Alinisikiliza bila kuacha kugeuza.

Kisha akasema, "Umemaliza, Mwalimu?"

Nikasema nimemaliza.

"Haya. Ninyi watu wa milimani mna maneno mazuri. Umeshuka kote huko kunirekebisha mkazo. Mimi nilichokuwa nauliza ni kimoja tu, na hakuna anayenijibu: mtoto atakua?"

Nilichukua kiganja cha usipa nikaanza kugeuza pamoja naye. Baada ya muda aliniambia ninawavunja vichwa.

Sasa nafika kwenye jambo linalonifanya nitembee kati ya mibuni kama mtu aliyepoteza mbuzi. Siku ile Dar es Salaam hakikupatikana kiinitete kimoja tu. Viwili vingine vimehifadhiwa kwenye baridi kali hadi leo. Kliniki imewaomba Asteria na Erasmo waamue kabla ya Julai kwisha: kimoja kirudishwe tumboni, viendelee kutunzwa, au viachwe. Asteria anakaribia umri ambao madaktari hawapendi kusubiri, kwa hiyo kuendelea kuvitunza ni namna ya kusema hapana polepole. Yeye anataka. Erasmo anaogopa. Wote wawili wamekuja kwangu wakitaka neno.

Nilimuuliza daktari kama la Nathanieli linaweza kujirudia. Alisema watoto wengi sana wanaozaliwa kwa njia hii ni wazima kabisa, na kwamba ugonjwa huu ni nadra hata kwao, ingawa ni nadra zaidi kwa wengine. Alisema hakuna anayejua kwa hakika kama kinachozihamisha alama ni maji ya kisahani, au dawa za kukuza mayai, au ile sababu yenyewe iliyowazuia wazazi kupata mimba. Kwa watu waliopatwa kama sisi, alisema, mara nyingi haijirudii. Nilimwomba aniambie maana ya "mara nyingi". Alisema hawezi kunipa neno lililo gumu kuliko hilo. Maisha yangu yote nimewakata wanafunzi alama kwa kuandika "mara nyingi" bila kueleza.

Baba paroko nimezungumza naye, na msimamo wa Kanisa naujua tangu mwanzo. Kanisa halikuipenda njia hii, na Kanisa hilohilo lilimbatiza Nathanieli kwa furaha. Sasa linaniambia pia kwamba vile viwili vilivyo kwenye baridi si vitu vya kutupa. Nilitoka pale nikiwa nimekatazwa kwenda mbele na nimekatazwa kurudi nyuma.

Kwa hiyo kwanza nilielekea kusema hapana. Niliona inatosha, tumshukuru Mungu kwa huyu mmoja. Asubuhi moja Asteria alikuwa akizungusha mpini wa mashine ya kumenyea kahawa, mimi namwagia maji, nikaanza kumtayarisha kwa maneno ya mbali. Yeye alinijua. Aliendelea kuzungusha, akasema, "Baba, ukisema hapana, unamwambia nani? Kwa sababu hao wawili na Nathanieli walitoka siku moja, wakalala chombo kimoja. Ukisema wasije kwa kuogopa wafanane naye, na yeye anasikia."

Nathanieli alikuwa mlangoni, amejipaka maganda ya kahawa usoni. Sidhani kama alielewa. Mimi nilielewa, na ndoo ikafurika miguuni kwangu.

Basi nikaitisha sengu. Unajua kwamba siku hizi wengi wameiacha, kila mtu anakula kwake na mlango umefungwa. Lakini sikuona mahali pengine pa kulipeleka jambo hili isipokuwa pale ambapo ukoo unakula chakula kimoja kwanza, halafu ndipo unasema. Nilimwalika hata Bonifasia, ingawa si wa ukoo wetu na ni Mwanglikana. Wengine waliguna. Alipofika na kapu la samaki aina ya mbasa, kuguna kulikoma.

Mzungumzaji wa kwanza alikuwa Raimundi, binamu yangu, ambaye unamkumbuka kwa sauti yake. Huyu ndiye aliyempa Nathanieli jina la utani la "mche wa kiriba", kwa kuwa miche ya kahawa inayooteshwa kwenye viriba vya plastiki hurefuka haraka kuliko ile inayojiotea chini ya mti. Mimi jina hilo nimelikataza. Mtoto mwenyewe huliitikia. Siku ile Raimundi alisimama, akapangusa mikono, akaanza, "Ndugu zangu, tusikimbilie. Kwanza tupime samani ya jambo lenyewe."

Wewe uliketi darasani kwangu. Unajua nimewasihi watoto wa Kimatengo kwa miaka mingapi waweke ncha ya ulimi katikati ya meno wanapotamka "thamani", nao wakanipa "samani", yaani meza na viti. Raimundi nilimsahihisha kwa mara ya kwanza tukiwa vijana. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa.

Nathanieli alikuwa ameketi chini, kwenye miguu ya Bonifasia, akijenga kitu kwa magunzi ya mahindi. Siku hizi hurudia neno lolote linalompendeza. Alisema kwa sauti kubwa, bila kuinua kichwa, "Thamani!"

Alilitamka barabara, Margareta. Ulimi katikati ya meno, mahali ambapo wa kwake upo daima. Katika tarafa nzima sijamsikia mtoto aliyelitamka hivyo bila kufundishwa.

Kisha Bonifasia akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Haya, Mwalimu! Umempata mmoja!"

"Huyu mche wa kiriba ananisahihisha mimi?" alisema Raimundi. "Njoo hapa, mwalimu mkuu." Akamwinua, akalalamika kwamba ni mzito kama gunia la mbolea, akampakata. Na hotuba yake ikaishia hapo. Hajaimaliza hadi leo.

Kutoka mapajani pa Raimundi mtoto alinyoosha kidole kwenye chungu, akaniambia, "Babu, thamaki." Watu walinitazama mimi, maana wananijua. Nilichagua kipande kisicho na miiba, nikampa.

Sengu haikutoa amri. Baada ya maneno mengi tulikubaliana kwamba uamuzi ni wa wenye mtoto, na kwamba ukoo utawapokea wote wanaokuja, vyovyote watakavyokuja. Bonifasia aliomba liongezwe neno kwamba hakuna upande wa mama wala wa baba katika jambo hili, likaongezwa. Asteria na Erasmo watampeleka Nathanieli Songea juma lijalo kwa picha ya tumbo, na wakirudi watasema. Lakini bado wanataka neno langu kabla ya kusafiri. Wananitazama mezani. Ninazo sentensi mbili tayari, moja ya ndiyo na moja ya hapana, na zote mbili hazina kosa. Nazirudia shambani, nazirudia kanisani wakati wa mahubiri, na hakuna inayotoka.

Ndiyo maana nakuomba wewe unayewahudumia watoto wagonjwa. Waulize madaktari wa wodini kwako kama wamewaona ndugu wa watoto hawa, waliotoka katika maabara ileile siku ileile, na kama walikuwa wazima. Uliza pia kama kuganda kwenye baridi kunaongeza jambo au hakuongezi. Niandikie waliyosema na si unayodhani nitapenda kusikia. Wakisema hawajui, niandikie kwamba hawajui. Jibu likichelewa posta, mpigie Lidia umsomee, nami nitasimama karibu. Kwa mara hii moja naikubali spika.

Lidia anakusalimu na anauliza kama sweta aliyokufumia inatosha baridi ya huko. Asteria na Erasmo wanakusalimu. Hawajui ninachokuandikia, ila wanajua ninakuandikia. Raimundi anasema usisahau Kimatengo. Bonifasia alituachia thamaki wakavu wengi, na laiti posta ingepokea, ningekufungia. Nisalimie Steven na wajukuu zangu, mmoja mmoja kwa jina. Mungu aliyewafikisha huko awahifadhi, awape usingizi mwema, na awape watu wa kuwaamkia.

Nimeisoma barua hii yote kabla ya kuifunga, kama ilivyo desturi yangu, na katika aya iliyo juu nimekuta kosa la tahajia ambalo mwanafunzi wangu yeyote angepoteza alama kwalo. Niliinua kalamu kulikata. Nimeliacha.

Siku Asteria na Erasmo watakapoamua, hata nikiwa katikati ya mavuno, nitaketi na kukuandikia. Safari hii sitasubiri niwe na sentensi nzuri.

Ni mimi, nikupendaye kama nilivyompenda baba yako,

Baba yako mkubwa,
Bartholomayo Kinunda